Taja Jina la Mgonjwa

Haya nilisimuliwa na Atuganile mwenyewe, mama yake Bupe, mwaka wa pili tangu mashine za kuchuma chai zitunyang'anye vikapu. Tulikaa siku mbili kwenye foleni ya kupimwa macho kule Tukuyu. Siku ya kwanza alifika katikati akanyamaza, ya pili akamalizia. Sikuongeza chumvi. Yenyewe ilikuwa na ukali wa kutosha.

Basi ilikuwa Ijumaa, mvua imeshika tangu alfajiri, na mbwa Posta amelala jikoni juu ya gunia, hataki hata uji. Figo zilikuwa zimechoka. Kesho yake ukoo mzima ungekutana kutimiza mwaka tangu baba mkwe wa Atuganile afariki, na Lusajo, mumewe, alikuwa amekwisha kumwita fundi wa sinema za mbwa, amsome Posta kabla hajakata roho.

Jina la Posta halikutoka hewani. Kwao, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe usoni. Hagusi nguo yake. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia migombani mpaka apite. Na jina lake halitamki, hata akiota. Sasa nyumba zilikuwa mbili, katikati migomba, na mzee alikuwa mjane. Chakula apelekewe na nani, Lusajo akiwa mgodini wiki nzima na Bupe akiwa shule? Akamtuma mbwa. Atuganile alifunga bakuli ndani ya kikapu, Posta akauma mpini, akapita migombani taratibu kama bibi harusi. Miaka kumi na moja. Nyama iliyomo aliiba mara moja tu, na siku hiyo alirudi amekunja mkia, akaenda kujitia mwenyewe nyuma ya kuni.

Fundi aliitwa Nakijwa, mwanamke wa Kipare mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alifungua sanduku lake pale jikoni, akatoa kofia ya nyaya, akaipuliza vumbi. Bupe, miaka tisa, alikuwa amechuchumaa karibu kabisa na mkono wake.

"Mbwa hakumbuki kwa macho kama wewe," Nakijwa akamwambia. "Anakumbuka kwa pua. Kila harufu ina kijichumba chake kichwani mwake, na humo zimo siku zote alizoinusa. Mimi nafungua vijichumba, mashine inachora. Sura haizijui, inabuni, ndiyo maana inatoka katuni. Aliyempenda inamchora mviringo. Sauti ni zilezile, maana sikio la mbwa halitupi kitu."

"Na Posta ataongea?"

"Ataongea. Ataimba hata."

"Halafu ataendelea kuwa Posta?"

Nakijwa akamtazama mama mtu kwanza. "Kijichumba kikishafunguliwa hakifungiki tena, mwanangu. Utabaki mwili. Kesho baada ya sinema nitamchoma sindano alale."

Bupe akafikiri. Tangu babu yake afe alikuwa na hofu moja, kwamba ameisahau sauti yake. "Lakini babu ataongea?"

"Babu ataongea."

"Basi," akasema Bupe, akampapasa Posta sikio.

Pale mlangoni shangazi Sekela, dada wa marehemu, alikuwa anamenya ndizi za kesho. "Enzi zetu," akasema, "mbwa akifa tunamzika chini ya mgomba, mwaka unaofuata tunakula ndizi. Nyie mnamkamua ubongo mtazame!"

"Shangazi, si wewe uliyeomba kiti cha mbele?" Lusajo akamchokoza kutoka barazani.

"Nimesema ni ujinga. Sikusema sitatazama."

Wakacheka wote. Atuganile naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Ukutani, juu ya meza ile, palining'inia kanga kuukuu. Wageni walidhani ni pambo. Nyuma yake kilikuwepo kisanduku cha serikali, kila familia ilipewa kimoja: unabonyeza, unataja jina la mgonjwa, gari lisilo na dereva linakuja kumchukua. Kisanduku kile hakisahau ombi mpaka likamilike. Na hiki kilikuwa kimewasha taa nyekundu mwaka mzima.

Lusajo na mtoto walipotoka kwenda kufunga turubai, shangazi akiwafuata kuwaelekeza asichokijua, Atuganile akavuta mlango.

"Fundi, siku zote zinatoka?"

Nakijwa hakuinua uso. "Unaulizia siku ipi?"

"Nimeuliza tu."

"Mama Bupe, nimeingia nyumba mia tatu. Kila nyumba ina siku moja. Sema."

Akasema. Hakuwa amemwambia binadamu yeyote.

Ilikuwa Jumatano ya mvua kama hii. Kijiji kizima kilikuwa msibani ng'ambo ya mto, Lusajo yuko chini ya mgodi ambako simu haishuki. Posta alikuja bila kikapu, anabweka. Atuganile akadhani mzee anataka tumbaku. Alikuwa amechoka. "Mwambie angoje!" akafoka, akaendelea kupepeta. Mbwa akaondoka, akarudi na kofia ya mzee mdomoni. Mzee yule hakuwahi kuvua kofia ila wakati wa kulala. Hapo akajua.

Alikibonyeza kisanduku. Kikasema, "Taja jina la mgonjwa." Akasema, "Mzee." Kikasema jina halijatambuliwa. Akasema, "Baba yake Lusajo." Halijatambuliwa. Taja jina la mgonjwa. Alifungua kinywa. Jina lilikuwepo ulimini, analijua kama anavyojua lake, na halikutoka. Mbwa akawa anamwekea kofia miguuni. Yeye anarudi nyuma, mbwa anamfuata nayo, kwa maana nguo ya mkwe haiguswi. Akachukua fimbo yake ya kuanulia nguo, akaisukuma kofia nje mpaka chini ya kihenge. Kisha akaenda ukingoni mwa migomba. Kutoka nyumba ya pili ilisikika sauti ndani ya mvua. Maneno hayakufika. Akasimama pale, mbwa ubavuni, mpaka sauti ilipokoma.

Halafu akaenda shamba la viazi, ng'ambo ya kilima, akalima kwenye tope, ili wamkute huko. Wakamkuta huko.

"Ulisimama kwa sababu ya mwiko?" Nakijwa akauliza.

"Ndiyo." Akakaza fundo la kanga kiunoni. "Au kwa sababu miaka kumi na moja bakuli lilikuwa linarudi tupu, na asante sikuwahi kuisikia hata ya kukohoa. Sijui, dada yangu. Nikijua nitakwambia."

Nakijwa akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Siku moja haifutiki peke yake. Mbwa hana kalenda. Ninachoweza ni kuunguza kijichumba cha harufu, chote. Nikiunguza cha mzee, siku ile inakwenda, lakini mzee anakwenda pia, na yule mtoto kesho atatazama mbwa anazunguka na kikapu bila babu. Nikiunguza chako, wewe ndiye unayefutika. Siku ile, na siku zote. Sura yako, sauti yako."

"Itakuwa kama sikuwepo?"

"Vitu vitabaki. Chungu, kikapu. Vitajiendea vyenyewe. Watu watadhani ni madoido ya katuni, nimeona mara nyingi. Au tuache kama ilivyo, mama Bupe. Hilo nalo linawezekana."

Nje Bupe alisikika akimwuliza baba yake kama babu katika sinema atakuwa na meno. Lusajo akajibu atakuwa nayo yale mawili. Mtoto akacheka, na hicho kicheko kilikuwa hakijasikika siku nyingi.

Atuganile akavua kanga aliyojifunga kiunoni, akampa fundi.

Nakijwa alimvika Posta kofia ya nyaya, akamwekea kanga puani. Mbwa hakuwa amesimama siku tatu. Alipoinusa ile kanga mkia ulianza kupiga gunia, pu, pu, pu, anainusa na kuinusa, anaisukuma kwa pua kama anatafuta mtu aliyejificha ndani yake. Mashine ikawa inaunguza kila alichokipata. Mkia ukapunguza mwendo. Ukapiga mara moja. Ukatulia. Posta akageuza uso, kanga sasa ilikuwa kitambaa tu.

"Posta," Atuganile akaita, akanyoosha mkono.

Mbwa akamtazama kama anavyotazama mkusanya takataka. Akamng'ata. Meno yalikuwa ya kizee, lakini damu ilitoka.

"Kumetokea nini?" Lusajo akauliza aliporudi.

"Kisu cha ndizi," akasema.

Sinema ilionyeshwa Jumamosi saa sita mchana katika sebule, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Ukoo ulijaa mpaka kwenye kizingiti. Ndizi na nyama vilikuwa jikoni vinangoja, shangazi Sekela kiti cha mbele, Bupe mapajani pa baba yake. Posta mwenyewe alikuwa pembeni kwenye gunia lake, keshasomwa asubuhi ile, anapumua, macho wazi kama dirisha la nyumba iliyohamwa. Atuganile alisimama mlangoni, kiganja kimefungwa kitambaa.

Ukutani akatokea Posta mtoto, mviringo kama andazi, anajikwaa. Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mtoto mnene:

"Mimi ni Posta! Nabeba mchuzi! Na sijauonja, msiniulize!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Wazee walipigana mabega. Kisha ikaja jiko, na chungu kikajiinua chenyewe, kikajimimina kwenye bakuli. Kikapu kikajifunga kitambaa. Mwiko mkubwa ukawa unacheza ndani ya maharage bila mkono. Watoto wakalala chini kwa kucheka.

"Mama Bupe!" Lusajo akaita akijifuta machozi. "Mbona humo?"

"Mbwa humkumbuka anayempenda," akasema shangazi Sekela, na watu wakacheka tena. Atuganile naye. Bupe peke yake aligeuka kumtazama mama yake, akakunja paji.

"Mama, hata mara moja?"

"Tazama sinema, mwanangu."

Sinema ikapita migombani, ikaingia nyumba ya pili. Na huko akawepo mzee, mviringo, rangi ya tumbaku, kofia kichwani na meno yake mawili. Kicheko kikafa chenyewe. Bupe akashika mdomo.

"Umefika, karani," sauti ya mzee ikasema, ileile, yenye mkwaruzo. Akafunua bakuli. "Leo ameweka tangawizi. Kumbe alinisikia nakohoa. Ona akili ya mtoto huyu! Mwambie asante."

Siku nyingine. "Viazi vya kuponda. Amejua jino limeng'oka. Mwambie asante, usisahau."

Nyingine. "Amejifungua juzi tu na bado ananipikia. Mwambie apumzike, mimi nitachoma ndizi. Mwambie asante. Wewe nawe, unanitazama tu! Unazipeleka kweli?"

Na nyingine, na nyingine, mashine imezikunja kama shanga katika uzi mmoja: mwambie asante, mwambie asante. Watu walitabasamu kwa huzuni. Pale mlangoni Atuganile aliteleza taratibu, mgongo ukutani, mpaka akakaa sakafuni.

Ikanyesha mvua katika sinema. Mzee alikuwa chini, kando ya kitanda, mguu mmoja umelala vibaya. Mashine ilimchora vilevile mviringo, ikamtia hata tabasamu, haikujua kuchora vingine.

"Posta, kamlete." Mbwa akaenda. Ikaonekana nyumba, ungo unapeta wenyewe, hakuna mtu. Mbwa akarudi. Mzee akavua kofia, kwa shida, akamwekea mdomoni.

"Mpe hii. Akiiona atajua si mchezo. Mwambie aingie tu. Mwiko nimeuvunja mimi, mbele ya Mungu na mbele yako. Kamlete mwanangu."

"Masikini," mtu akanong'ona gizani. "Na mkamwana wake yuko shambani."

Katuni ikakimbia migombani na kofia. Jikoni. Hakuna mtu. Kisanduku ukutani kikabonyea chenyewe.

"Taja jina la mgonjwa."

Kimya.

"Jina halijatambuliwa. Taja jina la mgonjwa."

Kimya, na sauti ya mvua.

"Jina halijatambuliwa. Taja jina la mgonjwa."

Kila mtu mle sebuleni alikuwa na kisanduku kama kile nyumbani kwake, na kila mtu alijua hakiulizi mpaka kibonyezwe. Ukutani mbwa aliweka kofia sakafuni. Fimbo ikajiinua kutoka kona, ikaisukuma kofia, ikaisukuma kizingitini, ikaisukuma uani, ikaiingiza chini ya kihenge.

"Fimbo ya mama," akasema Bupe, kwa sauti ya kawaida, kama anajibu swali la mwalimu. "Ina kitambaa chekundu. Nilikifunga mimi."

Halafu ule ukingo wa migomba. Posta wa katuni alikuwa amekaa kwenye mvua kando ya nafasi tupu. Akainua uso akaiangalia ile nafasi, pale ambapo uso wa mtu ungekuwa.

"Twende," akasema kwa sauti ya mtoto mnene. "Anakuita."

Akangoja.

"Twende basi."

Kisha, kwa kuwa mashine hizi zimefundishwa kumaliza kwa furaha, upinde wa mvua ukatokea juu ya migomba, na Posta akaanza kuimba ule wimbo wake wa mchuzi. Aliimba beti mbili nzima. Hakuna aliyejua pa kuizimia mashine.

Nakijwa akavuta blanketi la dirisha, mwanga ukaingia.

"Kofia iko wapi, mkamwana?" akauliza shangazi Sekela.

Atuganile akainuka. Watu walimpisha kwa upana kuliko alivyohitaji. Alikwenda kwenye kihenge, akapiga magoti kwenye tope, akaingiza mkono. Kofia ilikuwa imeota ukungu, panya wamezaa ndani. Aliishika kwa vidole vyake, mara ya kwanza, akairudisha ndani, akamwekea shangazi mapajani. Bibi yule akaikumbatia kifuani.

Lusajo ndiye aliyesema. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Lilikuwa jina tu, mama Bupe. Jina."

"Ndiyo."

"Mimi ningekuuliza kwa nini ulilitaja? Yeye angekuuliza?"

Lusajo akambeba Bupe, binti wa miaka tisa mwenye miguu mirefu, akatoka naye kuelekea nyumba ya pili. Bupe alimtazama mama yake juu ya bega la baba mpaka migomba ikawaziba. Hakulia. Ukoo nao ukaanza kuondoka wawiliwawili, na hakuna aliyegusa ndizi.

Akabaki Nakijwa na sindano yake. "Huwa anashikwa na mtu anayemjua," akasema.

"Anamjua nani sasa?"

"Hakuna."

"Basi nitamshika mimi."

Posta alimng'urumia. Alijikunja, akatafuta pa kukimbilia, mwili mtupu wenye hofu tu, na Atuganile akamkumbatia hivyo hivyo, akamng'ata tena juu ya kitambaa, akamwachia ang'ate. Sindano ikaingia. Hofu ilikuwa kitu cha mwisho kumtoka. Fundi alimrudisha jikoni, akamfunika kwa gunia, akafunga sanduku lake, akavaa miwani zote mbili, akaenda zake.

Yapata saa tisa alasiri mvua ilirudi. Katika nyumba ya pili Bupe alikuwa amelala kwenye kitanda cha babu yake, na Lusajo amesinzia amekaa, kichwa ukutani. Shangazi Sekela alikuwa amelala chini kando yao, kofia kifuani. Wote walikuwa wamechoka kama watu waliozika mara mbili.

Atuganile aliketi mezani jikoni. Ndizi na nyama vilikuwa vimepoa. Alinyoosha mkono uliong'atwa, akaivuta ile kanga kuukuu ikaanguka. Taa nyekundu ilikuwa pale pale, haijafumba jicho mwaka mzima. Akakibonyeza kisanduku.

"Taja jina la mgonjwa," kisanduku kikasema, kwa upole uleule.

Ilimchukua muda. Kisha akalisema jina la mzee, polepole, silabi moja moja, kama mtoto anayesoma ubao. "A-mbi-li-ki-le."

Taa ikageuka kijani.

"Asante," kikasema. "Gari litafika baada ya dakika kumi na nane. Tafadhali kaa karibu na mgonjwa."

Akashuka sakafuni, akajinyoosha kando ya gunia lililomfunika Posta, akaweka mkono juu yake. Alitaka kuwa macho litakapofika. Lakini hakuwa amelala usingizi wa kweli tangu ile Jumatano, na mvua ilikuwa inapiga bati kwa mwendo mmoja, na kabla gari halijapanda kilima, alikuwa amelala.